Daftari, simu, barua au shairi: kijana anayeugua sana aandikie wapi?

"Mwalimu, nimnunulie daftari gani?"

Niliulizwa hivyo kwenye ngazi za hospitali na mama aliyetoka Kayole, mtaa wa Nairobi, kwa matatu mbili, mkono mmoja una chupa ya uji, mwingine mfuko wa nguo zilizofuliwa. Binti yake wa miaka 15 alikuwa na wiki ya tatu wodini. Kemo, dawa ya saratani, ilikuwa imeanza, nywele zilikuwa zinabaki kwenye mto, naye alikuwa ameacha kuzungumza. Hakuwa amemnunia mtu. Aligeukia ukuta tu, akalala hivyo mpaka jioni. Mtu fulani kanisani alikuwa amemwambia mama kwamba kuandika humtua mgonjwa mzigo wa moyo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na Jumamosi huwa napita wodini kusoma na kuandika pamoja na vijana waliolazwa. Kwa hiyo nilijibu kama mwalimu: kaunta buku, jalada gumu, mistari mipana, na kalamu mbili ili moja ikiisha wino asikwame. Jibu lilikuwa sahihi na halikumsaidia kitu. Leo ningemuuliza kwanza: hilo daftari litalala wapi usiku, na nani atalifungua binti akipelekwa eksirei?

Njia za kuandika ni nyingi, na wazazi wengi huzilinganisha kwa bei au kwa urembo wa jalada. Mimi huangalia mambo matatu: nani anaweza kusoma, mkono una nguvu kiasi gani, na maandishi yenyewe yanataka kumfikia nani. La kwanza ndilo huamua karibu kila kitu.

Kabla ya kununua chochote

Habari kwamba kuandika husaidia si porojo, ila imetiwa chumvi. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake Sandra Beall walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Baadhi walipewa mada zisizo na uzito, wengine wakaambiwa waandike jambo lililowahi kuwaumiza sana. Waliofukua kidonda, wakaeleza tukio pamoja na walivyolihisi, walitoka wakiwa na huzuni zaidi siku hiyohiyo. Lakini katika miezi iliyofuata walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao.

Mwaka 1999 Joshua Smyth na wenzake wakajaribu kwa wagonjwa hasa, watu wazima wenye pumu au baridi yabisi ya viungo. Dakika 20, siku 3. Miezi 4 baadaye, takriban 47 kati ya kila 100 walioandika mambo mazito walikuwa wamepata nafuu ambayo daktari angeitambua, dhidi ya 24 kati ya kila 100 walioandika mambo ya kawaida. Tangu hapo tafiti zimekuwa nyingi, na zinapojumlishwa faida huonekana ipo lakini kwa wastani ni ndogo, kwa vijana pia. Kalamu haipunguzi uvimbe. Haichukui nafasi ya kemo, ya dawa ya maumivu wala ya mshauri nasaha. Akikuuzia mtu daftari kama tiba, rudi na pesa zako.

Nayataja majaribio haya kwa sababu yanatupa mambo mawili ya kutumia. Kwanza, kijana akimaliza kuandika macho yakiwa mekundu, si lazima kuna kitu kimeharibika. Mara nyingi hutulia baada ya saa moja au mbili. Pili, Pennebaker alipochunguza baadaye maneno yenyewe, aliona kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao maandishi yao, siku hadi siku, yaliongezeka maneno ya kutafuta sababu na ya kuelewa. Kwa Kiswahili tungesema: mwandishi anaanza na "iliniuma, iliniuma", na siku ya nne anafika kwenye "ndiyo maana" na "sasa naona". Ukiona mtoto anazunguka palepale wiki nzima, njia aliyopewa haimfai.

Dakika 15 au shajara ya kila siku?

Hizi mbili huchanganywa sana, na zinafanya kazi tofauti.

Kuandika kwa dakika 15 kuna mwanzo na mwisho. Unaweka saa, unaandika bila kuinua kalamu, hujali herufi kubwa wala nukta (mwalimu mimi nimejifunza kufumba macho), na saa ikilia unaacha. Siku 3 au 4, basi. Inamfaa kijana mwenye donge moja linalojulikana: siku alipoambiwa jina la ugonjwa, siku mguu ulipokatwa, asubuhi alipoamka kitanda cha jirani kikiwa kimetandikwa upya na hakuna aliyeeleza. Masharti ni mawili tu. Akihisi kwamba kuandika jambo fulani kutamvunja, aliache, aandike jingine. Na usimwanzishe habari ikiwa mbichi, jana ameambiwa leo unampa kalamu. Kwanza alie, ale, alale.

Shajara haina mwisho. Ni ya mambo madogo: chapati aliyoletewa na shangazi, utani wa sista wa zamu ya usiku, hesabu ya dripu. Kwa ugonjwa wa miaka, kama selimundu au figo zilizoshindwa, hii hudumu zaidi, maana huwezi kumwambia mtu anayekaa kwenye mashine ya kusafisha damu saa 4 kila mara, mara mbili kwa wiki, kwamba kila kikao afukue kidonda. Aandike kuhusu matatu iliyomleta. Hasara yake ni kucheua: maumivu yaleyale, kwa maneno yaleyale, kila usiku. Shajara ya aina hiyo iende likizo.

Kuna kosa la kawaida hapa. Madaktari hupenda mgonjwa aweke rekodi ya maumivu, kwa mfano saa 9 usiku, 7 kati ya 10, na baada ya dawa, 4 kati ya 10. Rekodi hiyo ni ya thamani kwa matibabu. Lakini isikae kwenye daftari la moyo, kwa sababu daktari ataomba kuiona, na mama ataifungua ili amwonyeshe. Nunua vijitabu viwili. Cha maumivu kikae juu ya kabati wazi kabisa.

Daftari au simu?

Hapa ndipo ningekaa na yule mama wa Kayole nusu saa nzima.

Daftari halihitaji chaji. Stima ikipotea halina habari. Halileti ujumbe wa rafiki anayeuliza "utarudi shule lini" katikati ya sentensi. Lakini linataka mkono, na ugonjwa huanza kwa kuuchukua mkono. Kanula, ile sindano ya dripu inayobaki mshipani, ikiwekwa kwenye mkono wa kuandikia, kijana amefungwa mdomo kwa siku kadhaa, kwa hiyo mwambie sista kabla hajatafuta mshipa: "Huyu huandika kwa kulia." Wengi hukubali kwa furaha mishipa ikiruhusu. Baadhi ya dawa za kemo, vinkristini ikiwemo, hufanya ncha za vidole zife ganzi, na kalamu nyembamba inateleza kama sindano. Izungushie plasta au kitambaa iwe nene. Aliye kwenye mashine ya figo asiusogeze mkono wenye sindano, lakini ule mwingine uko huru.

Simu inabembeleza mkono. Kidole gumba kimoja kinatosha, na kisipotosha kuna kurekodi sauti. Ina namba ya siri. Usiku taa zikizimwa wodini bado anaona. Ukitazama juujuu, haya yote yangeipa simu ushindi.

Tatizo ni kwamba simu ni ya nani. Katika nyumba nyingi ninazozijua, simu anayoshika mtoto hospitalini ni ya mama, ina M-Pesa, na ndiyo ndugu wote wanapigia kuuliza hali. Namba ya siri ambayo watu watatu wanaijua si siri. Kurekodi sauti nako kunataka pahali pa kujitenga, na vitanda vya wodi vimepishana mkono mmoja. Nimemwona kijana akijifunika shuka gubigubi na kunong'oneza simu, jirani naye akimjibu.

Halafu kuna saa 8 za usiku. Dawa za jamii ya steroidi, ambazo wengi wa vijana hawa hupewa, zinaweza kumnyima mtu usingizi na kumbadilisha hisia. Kijana yu macho, amejaa, simu iko mkononi, na statasi iko hatua moja kutoka kwenye ujumbe aliojiandikia mwenyewe. Kulipopambazuka darasa zima lilikuwa limesoma. Kufuta hakusaidii, wenzake wameshapiga picha ya skrini. Akichagua simu, aandike kwenye programu ya kumbukumbu yenye nywila, kamwe asiandikie ndani ya WhatsApp, hata kama anajiandikia mwenyewe.

Kwa kijana anayetumia dawa za VVU, swali la faragha ni zito zaidi. Daftari lililoanguka bwenini linaweza kumwaga siri ambayo familia imeilinda tangu azaliwe. Huyo ningemshauri simu iliyo yake kabisa, au karatasi moja moja anazozichana.

Na Sheng, ile lugha ya vijana wa mitaani? Wazazi hunilalamikia: "Mwalimu, anaandika matope gani haya?" Nawaambia wayaache. Sheng ya mtaa wake ni kufuli ambalo mama hana ufunguo wake, na hubadilika haraka kiasi kwamba hata kaka mkubwa hukwama. Nimesahihisha insha kwa miaka mingi, na bado nasema lugha bora kwa kazi hii ni ile ambayo mtoto hulalamikia ndani yake. Kuna msichana aliyeandika kurasa nzima kwa Sheng, ila kila alipomtaja nyanya yake aligeukia Kikamba.

Niseme la kwangu, kwa kuwa si haki kuwasema akina mama peke yao. Mwanzoni kabisa, mvulana mmoja alinionyesha alichoandika. Mama yake akanishika koridoni: "Mwalimu, anaandika nini? Niambie neno moja tu." Nikamwambia sentensi moja, nikidhani namfariji. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akamkumbatia mtoto akilia, akairudia sentensi ile neno kwa neno. Mvulana aliniangalia juu ya bega la mama yake. Jumamosi iliyofuata alisema amechoka. Hakuandika tena mbele yangu, na sina hakika kama aliandika popote.

Barua isiyotumwa

Kijana asiyejua aanzie wapi, mpe barua. Ukurasa mtupu hutisha, lakini barua ina mtu upande wa pili: mguu uliokatwa, uvimbe, Mungu, baba aliyeacha kuja kumwona. Ukiwa na wa kumlalamikia, maneno huja yenyewe. Anwani na tarehe za mtihani asiziweke, namwondolea kabisa.

Ikilinganishwa na shajara, faida yake kubwa ni kwamba inaweza kuharibiwa. Wengine hunufaika kwa kuchana kuliko kwa kuandika. (Vipande viende kwenye pipa la taka, jamani. Choo cha wodi kina matatizo yake tayari.) Ubaya wake ni kwamba barua ya hasira huwasha mtu kuituma. Kubalianeni mapema: inalala siku 3 kwanza, halafu ndipo mjadala wa kutuma.

Ipo barua nyingine ambayo ni ya kutumwa kweli, nayo ni tofauti kabisa. Vijana ambao ugonjwa wao haurudi nyuma mara nyingi hujua kabla hawajaambiwa, na wengine hutaka kumwandikia mdogo wao, au kusema nani achukue viatu vya mpira. Watu wazima hukimbilia "usiongee hivyo, utapona". Ukimkatiza hivyo atanyamaza kwa ajili yako, awe anakulinda wewe. Hapa tafuta watu wa tiba shufaa, huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na kumfariji, wakusaidie namna ya kukaa naye. Nairobi Hospice, iliyo jirani na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, imekuwa ikihudumia wagonjwa tangu 1990, na kwenda kwao si kukata tamaa. Tiba shufaa hutolewa hata mtu akiendelea na matibabu mengine.

Shairi, rap

Hapa napendelea, nikiri. Wasiotaka kabisa "kuandika hisia" hukubali kuandika rap, hasa wavulana. Hisia zinapita mlango wa nyuma. Ukimwambia mtu wa miaka 16 aeleze anavyojisikia atasema "niko sawa". Mwambie atafute kina cha "dripu" na utakaa pale mpaka muda wa kuona wagonjwa uishe.

Shairi la arudhi, lile lenye kanuni za vina na mizani, nalo lina nguvu ambayo watu hawaitarajii. Kuhesabu mizani 8 na 8 kunaipa akili kazi ya mikono, kama kusuka, na wakati huo jambo zito linajipenyeza bila kishindo. Msichana mmoja alinipa mshororo huu, akiwa amehesabu kwa vidole juu ya shuka:

*Kitanda changu cha chuma, kila usiku chalia.*

Nane na nane. Alicheka kwa kupatia hesabu kabla hajagundua amesema nini, kisha akanyamaza kidogo. Dakika 15 za kumwaga moyo zingemfikisha hapo pengine, pengine hapana.

Faragha ya shairi iko katikati. Laweza kusomwa hadharani bila kutoboa siri, maana kitanda ndicho kinacholia. Lakini anayeogopa Kiswahili tangu shuleni humwona mwalimu na kalamu nyekundu kila anapovunja mizani. Huyo mwache na rap.

Peke yake au kikundi?

Kwa ufupi: kikundi kinaondoa upweke na kinaondoa siri pia. Kijana aliyefichwa shuleni kwa miezi, ambaye hajaona mwenzake mwenye kipara kama chake, hupata katika kikundi kitu ambacho daftari haliwezi kumpa. Chembe nyeupe za damu zikishuka asiketi kwenye kikundi chochote, hilo daktari ndiye anaamua. Nisingempeleka mtoto kwenye kikundi ambacho kila mtu lazima asome alichoandika. Na wakitokea watu wema wenye kamera wakitaka kuchapisha maandishi ya watoto mtandaoni, kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa. Mimi naongeza: na ya mtoto mwenyewe, aliyeulizwa mama akiwa nje.

Ukikuta maneno ya kutaka kufa

Siri ina mpaka, na mpaka huo utajwe siku ya kwanza, daftari likiwa bado jeupe: "Sitasoma. Lakini ukifikia kutaka kujidhuru, uniambie, nami nitamwambia sista." Kuandika kuhusu kifo peke yake si hatari. Mtu mwenye saratani akiwaza kifo anawaza jambo lililo mbele yake. Hatari ni mpango: dawa anazozikusanya chini ya mto, siku aliyoichagua. Hapo usigombe, usihubiri, usimwache peke yake, ita daktari au sista papo hapo. Akiwa nyumbani, namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo saa yoyote, na mzazi naye anaweza kuipiga.

Kwa yule mama

Alininyamazisha, kusema kweli. Alinunua kaunta buku zuri kuliko nililomwelezea, jalada jekundu, akaandika jina la binti kwa herufi za kupendeza. Kila Jumamosi nililiona juu ya kabati, na kila Jumamosi lilikuwa jipya vilevile. Nilidhani tumeshindwa.

Miezi mingi baadaye nilikutana na binti kwenye foleni ya kliniki, nywele zimerudi fupi, amekaa na miguu juu ya kiti kama yuko kwao. Nikamwambia pole kwa lile daftari, kwamba lilikuwa wazo langu. Akacheka. Alisema mama alilifungua kila siku, akalikuta tupu, akaridhika kwamba hakuna kinachomsumbua mtoto.

"Mimi nilikuwa naandika nyuma ya daftari la hesabu," akasema. "Nani atafungua hesabu, mwalimu?"